Kona ya Wazazi na Vijana: Staji ya Mwaka Mzima, Mtoto Anapotea au Anajenga?

 

Mwezi huu tuongee juu ya jambo linaloweza kuleta maneno katika familia. Mtoto anasoma mambo ya kompyuta. Amefika mwaka wa pili au wa tatu wa chuo, kisha anakuja na habari: "Baba, mama, sitamaliza mwaka huu. Nimepata staji ya mwaka mzima kwenye kompani kubwa." Baba ananyamaza. Mama anauliza: "Mwaka muzima? Na sisi tutakula nini?" Na jirani hakosi la kuongeza: wenzake wanabeba mizigo sokoni Kamembe, jioni wanaleta kitu nyumbani, huyu wenu anaenda kukaa mbele ya mashine.

Maswali hayo si ya ujinga. Familia inayoishi kwa msaada inahesabu kila mkono wenye nguvu. Basi tuyajibu pole pole.

Kwanza, mambo haya si mageni. Mwaka 1906, huko Marekani, mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Cincinnati, Herman Schneider, alianza na wanafunzi 27. Aliwapanga wawili wawili. Wiki hii mmoja yuko darasani na mwenzake yuko kiwandani, wiki inayofuata wanabadilishana. Alikuwa ameona kwamba wanafunzi waliokuwa wakifanya kazi huku wakisoma ndio walioendelea vizuri baadaye. Tena chuo hakiwezi kununua kila mashine mpya inayotoka. Mashine ziko kiwandani, basi mwanafunzi aende huko.

Leo vyuo vingi vya Uingereza vina masomo ya miaka minne ambapo mwaka wa tatu wote ni wa kazi. Mwanafunzi anatoka chuoni miezi 12, kisha anarudi kumaliza mwaka wa mwisho. Kompani kama IBM na Microsoft zimekuwa zikiwapokea kwa namna hiyo. IBM ina maabara kubwa mahali panaitwa Hursley, karibu na mji wa Winchester. Tangu miaka ya 1970 hapo ndipo inapotengenezwa CICS, programu ambayo mabenki mengi duniani wanaitumia kwa hesabu zao za kila siku. Mtu akitoa pesa kwenye mashine ya benki, mara nyingi programu ya namna hiyo inafanya kazi nyuma yake bila yeye kujua.

Mwanafunzi wa staji haanzi kwa kutengeneza kitu kama hicho. Anawekwa ndani ya kikundi, ana mkubwa wake wa kazi, anapewa sehemu ndogo. Anatafuta makosa ndani ya programu, anayaandika, anayarekebisha, na wengine wanakagua kazi yake kabla haijapokelewa. Miezi ya kwanza anakuwa mzigo kwa wenzake, kwa sababu kila kitu lazima aulize. Faida yake inaanza kuonekana baadaye, akishazoea. Ndiyo sababu staji ya wiki nane inaisha wakati mtoto ndio kwanza anaanza kujua mlango wa ofisi uko wapi. Mwaka mzima unampa nafasi ya kukosea, kusahihishwa, na kufanya tena.

Pesa je? Huko Hursley mwanafunzi wa mwaka mzima analipwa mshahara. Na katika England, kwa mwaka ule wa kazi chuo hakiruhusiwi kudai zaidi ya 20 kwa 100 ya ada kamili ya mwaka. Ndugu zetu waliohamishiwa Uingereza na wana watoto vyuoni wajue hilo. Aliyekubaliwa kuwa mkimbizi huko anaruhusiwa kufanya kazi. Anayengoja jibu, kwa kawaida haruhusiwi.

Sasa turudi upande wetu. Kompani kubwa hazikai mbali kama zamani. IBM ilifungua maabara ya utafiti Nairobi mwaka 2013. Microsoft ilianzisha kituo chake cha kutengeneza programu Nairobi mwaka 2019, na Google ilitangaza cha kwake katika mji ule ule mwaka 2022. Serikali ya Kenya nayo ina mpango wa staji ya miezi 12 kwa vijana waliomaliza masomo ya kompyuta, chini ya mamlaka yake ya teknolojia. Lakini tuseme ukweli: huo ni mpango wa raia wa Kenya. Si kila mlango ulio wazi umefunguliwa kwa ajili yetu, na kijana asome masharti kabla ya kushangilia.

Kuna milango mingine iliyo karibu. Mwaka 2015 Kepler, iliyoanza Kigali mwaka 2013, ilifungua masomo ya chuo ndani ya kambi ya Kiziba, kule Karongi. Wanafunzi 25 wa kwanza walisomea digrii ya chuo cha Marekani bila kuvuka mpaka wowote. Na msaada wa masomo wa DAFI, unaolipwa zaidi na serikali ya Ujerumani kupitia UNHCR, umekuwa ukisaidia wakimbizi vyuoni tangu mwaka 1992. Hapa Rwanda mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya kufanya kazi. Waajiri wengine hawalijui hilo, basi kijana awe tayari kuwaeleza kwa adabu, kitambulisho mkononi.

Kwa hiyo, wazazi, mtoto akileta barua ya staji, msikatae haraka na msikubali haraka. Kaeni naye, mwulizeni haya:

Analipwa, au anapewa tu nauli na chakula? Kama hakuna kitu, atalala wapi na atakula nini miezi 12? Staji bila hata nauli, mbali na nyumbani, inaweza kumrudisha mtoto katikati ya mwaka na deni.

Chuo chake kimekubali kwa maandishi kwamba atarudi kumaliza? Mwaka wa staji usiokuwa ndani ya masomo unaweza kumtoa shuleni kabisa.

Atapata karatasi gani mwishoni? Aombe cheti na barua yenye kusema alifanya kazi gani, si kwamba "alikuwepo" tu.

Karatasi za ukimbizi zinasemaje? Aombe ruhusa ya kutoka kambini kabla ya kusafiri. Ulizeni pia mapema: siku ya kuhakiki familia ikifika na yeye yuko mbali, itakuwaje? Kama ni nchi nyingine, anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, na hiyo haitoki kwa siku moja.

Na hili tunalisema kwa sauti: mtu akiwaomba pesa ili mtoto "awekwe kwenye orodha" ya kompani, mfungieni mlango. Kompani ya kweli haiuzi staji. Huduma za UNHCR pia ni za bure.

Ninyi vijana, nanyi mna deni kwa nyumba. Msiondoke na kunyamaza. Mweleze mama kwa maneno yake unafanya nini kila siku, maana hawezi kuombea kitu asichokijua. Ukilipwa, hata kidogo, wakumbuke wadogo zako. Na ukirudi, fundisha mmoja.

Mwaka ni mrefu kwa mwenye njaa, hilo tunalijua. Lakini mizigo ya Kamembe itakuwepo hata mwakani, na nafasi ya kujifunza kazi kwa miezi 12 haiji kila mara. Nyumba inayoweza kuvumilia, kwa hesabu zilizo wazi, ivumilie. Isiyoweza, isione haya: mtoto aombe staji fupi ya karibu, amalize shule, aendelee kutafuta.

Tuonane mwezi ujao. Mbaki salama.