Kuandikishana Si Kutoaminiana: Viwanja Vinavyouzwa Mara Mbili Miongoni Mwetu

Ndugu Waislamu, mwezi huu hatutaandika juu ya wanaotupinga kutoka nje. Tutaandika juu ya dhulma inayotendwa na watu wanaosimama safu ya mbele, tena wanawatendea wale wanaogusana nao mabega katika swala.

Mji wa Kahama umetanuka mno tangu mgodi wa Bulyanhulu ulipoanza uzalishaji mwaka 2001 na ule wa Buzwagi mwaka 2009. Buzwagi umekwisha fungwa, lakini mji haukurudi nyuma. Mwaka 2021 ukapewa hadhi ya manispaa, na mashamba ya pembezoni yanaendelea kukatwa viwanja. Geita nayo, tangu mgodi mkubwa uanze mwaka 2000 na mkoa uzaliwe mwaka 2012, imefuata njia hiyo hiyo. Mwalimu, mama lishe na mchenjuaji wa dhahabu, kila mmoja anatafuta kipande cha kusimamisha vyumba viwili ili aondokane na kodi ya pango. Nia hiyo ni njema. Mtume (S.A.W.) ameitaja nyumba yenye nafasi na jirani mwema kuwa ni katika mambo yanayomletea mja furaha ya maisha.

Sasa tazameni yaliyotokea katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa Kahama, ambao jina lake tunalihifadhi. Kijana anayefanya kazi kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu alijinyima miaka minne, akanunua kiwanja kwa ndugu yake katika imani. Walipima kwa hatua za miguu, ishirini kwa thelathini. (Miguu ya nani? Muuzaji ni mfupi, na ndiye aliyepima.) Mpaka ulikuwa mstari wa minyaa. Fedha ililipwa kwa mafungu matatu, na mkataba ukawa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, mashahidi wakiwa wawili, wote wadogo zake muuzaji. Kijana akajenga boma hadi kwenye lenta. Ndipo akaja mama mjane kutoka Geita, mkononi ana karatasi ya zamani zaidi, yenye saini ya muuzaji yule yule, kwa kiwanja kile kile.

Wazee wa msikiti wakaitwa. Tulikuwapo. Tuliyoyasikia hapo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu. Mmoja alisema kuwa Waislamu hawaandikishani, wanaaminiana. Wa pili akasema Muislamu humsitiri mwenzake, basi jambo hili lisitoke nje ya mlango. Kikao kikafungwa kwa dua, na muuzaji akatoka huku mali za watu wawili zingali mfukoni mwake. Siku ya pili yake akaadhini Alfajiri.

Hiyo hoja ya kuaminiana inatoka wapi? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika sura ya al-Baqara, haizungumzii swala wala hija. Inazungumzia kuandika deni: awepo mwandishi muadilifu, mdaiwa mwenyewe aitamkishe haki iliyo juu yake, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Aya hiyo iliteremshwa kwa masahaba, kizazi kilichoaminiana kuliko vizazi vyote! Je, sisi wa Kahama na Geita tumewazidi uaminifu?

Tunajua watakavyojibu, maana tumejibiwa hivyo. Watasema aya imeondoa uzito wa kuandika katika biashara ya mkono kwa mkono, na kwamba jamhuri ya wanazuoni wameiona amri hiyo kuwa ni ya kupendekezwa, si ya wajibu. Ni kweli, ingawa at-Tabari na Ibn Hazm waliiona kuwa ni wajibu. Lakini kiwanja kinacholipwa kwa mafungu matatu si biashara ya mkono kwa mkono. Ni deni lenye muda, yaani ndilo hasa linalotajwa mwanzo wa aya. Hata ile biashara iliyosamehewa kuandikwa, aya imeamrisha iwekewe mashahidi. Na lililopendekezwa, pindi kuliacha kunapokuwa mlango wa kula mali za watu, haliachwi kwa kisingizio kuwa si wajibu. Huko ndiko kuziba njia za uovu, na vijana wetu wa darasa la usulul-fiqhi wanakujua.

Ama sitara, hiyo ni kwa dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake. Aliyeshika mali ya mjane hasitiriwi, anatakiwa airudishe. Mnamsitiri nani, na mjane mmemvua nguo?

Said bin Zayd (R.A.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, alishitakiwa na mwanamke aitwaye Arwa mbele ya Marwan, gavana wa Madina, kwamba amechukua sehemu ya ardhi yake. Akauliza vipi angethubutu, naye amemsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kuwa mwenye kudhulumu shibiri moja ya ardhi atavishwa shingoni kutoka ardhi saba. Akamwachia ardhi hiyo, kisha akamuomba Allah dhidi yake ikiwa ni muongo. Wapokezi wanasimulia kuwa alipofuka, na akafa kwa kutumbukia katika shimo ndani ya ardhi ile ile. Shibiri moja! Sisi tunazungumzia hatua ishirini kwa thelathini.

Na kwa kuwa tunaishi juu ya dhahabu, lipo tukio lililopokewa na Bukhari na Muslim ambalo lingefaa lisomwe katika kila msikiti wa ukanda huu. Mtu wa umma uliotangulia alinunua ardhi, akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akaurudisha kwa muuzaji, akidai kuwa yeye alinunua ardhi tu. Muuzaji akakataa kuupokea, akisema aliuza ardhi na vilivyomo. Wakagombana, kila mmoja akimsukumia mwenzake dhahabu! Mwamuzi akawaozesha watoto wao, na mali ikatumika kwa maharusi hao na kwa sadaka. Kwetu sheria ya madini ya mwaka 2010 imeyaweka madini yote chini ya Jamhuri, hivyo mnunuzi wa kiwanja hapati leseni ya kuchimba kwa kununua kiwanja. Pamoja na hivyo, wapo wanaouza kiwanja cha nyumba kisha, zikisikika habari za mwamba, wanaukana mkataba. Na pasipo karatasi ya maana, kukana ni kazi rahisi.

Ndugu wengine, wakiwemo wanafunzi wa elimu, wanasema kwenda ofisi ya ardhi ni kujipeleka kwa sheria za wanadamu. Tunawauliza: mnaposafiri kwenda Hija hamchukui pasipoti? Hati ni bayyina, na bayyina inatakiwa na sharia kabla ya kutakiwa na mahakama yoyote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haitambui mkataba wa kuuza ardhi usio na maandishi. Katika hili imekwenda sambamba na Kitabu chetu, nasi ndio tunaokwenda kinyume na vyote viwili. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hautoshi, kwani yeye ni shahidi wa mauziano, si mtoaji wa miliki. Kabla ya kutoa hata shilingi, mnunuzi aende halmashauri aulize eneo limepimwa au la, limepangiwa matumizi gani, na jina la nani limeandikwa. Awaulize na majirani wa pande nne.

Majirani tumewasahau kabisa. Abu Rafi (R.A.) alikuwa na nyumba mbili ndani ya kiwanja cha Saad bin Abi Waqqas (R.A.). Mtu wa nje alikwisha mpa bei ya dinari 500. Saad akasema hatazidisha dirhamu 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafi akamwachia Saad kwa bei hiyo ya chini, akieleza kuwa lau asingemsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa jirani ana haki zaidi kwa ujirani wake, asingekubali. Huo ni mkopo wa nyumba usio na riba, baina ya majirani wawili. Leo jirani anakuwa wa mwisho kujua. Anaamka asubuhi anamkuta dalali anachimbia vigingi.

Na ni viwanja vingapi vya urithi vinauzwa na kaka mkubwa peke yake, dada zake wakiambiwa kuwa kwa mila zetu binti hana ardhi? Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua kuwa mwanamke anaweza kuuza shamba alilorithi, kinyume na mila iliyomzuia. Sura ya an-Nisaa ilikwisha mpa binti fungu lake karne kumi na nne kabla, nasi tukasubiri jaji wa serikali! Mwenye kuuza fungu la dada yake ameuza asichokimiliki, na anayenunua hali ya kuwa anajua ni mshirika wake.

Misikiti yenyewe imejengwa juu ya maneno matupu. Mzee anatamka mbele ya jamaa kuwa ametoa wakfu, watu wanaitikia takbira, hakuna anayeandika. Mzee akifa, wanawe wanakuja na dalali. Mtume (S.A.W.) alipotaka eneo la kujenga msikiti Madina, mali ya mayatima wawili, hakukubali kulipokea bure mpaka lilipwe thamani.

Tunarejea kwenye kiwanja cha yule kijana. Tumemwambia muuzaji, imamu akiwepo, kwamba kiwanja ni cha mjane aliyetangulia kununua, na kwamba kijana arudishiwe fedha zake zote pamoja na thamani ya boma alilojenga. Amepewa hadi Ramadhani. Ikiingia hajalipa, tutakwenda na kijana mahakamani kutoa ushahidi wa yale tuliyoyasikia katika kikao kile. Ushahidi huo tumekwisha uandika na kuutia saini, na nakala yake anayo imamu.