Jukwaa si Pambo: Jo Mielziner na Upofu wa Wahakiki

Uhakiki wa tamthilia katika vyuo vya Kenya umejengwa juu ya dhana potofu: kwamba tamthilia ni maandishi, na kwamba jukwaa ni pambo linaloongezwa mwandishi akishamaliza kazi yake. Ndiyo maana mwanafunzi huchambua maudhui, wahusika na lugha kwa kurasa kadhaa, kisha akaitaja mandhari kwa aya moja. Dhana hii haina budi kukataliwa, na kazi ya Jo Mielziner (1901–1976), msanifu wa jukwaa wa Marekani, ni ushahidi wa kutosha wa kuikataa.

Tuchukue Death of a Salesman ya Arthur Miller, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Februari 1949. Mhakiki huyasoma maelekezo yanayoifungua, akaiona nyumba dhaifu iliyozingirwa na majengo marefu, akamsifu Miller kwa ishara hiyo. Sifa hiyo si ya Miller peke yake. Elia Kazan, mwelekezi wa tamthilia hiyo, alishuhudia kwamba muswada wa awali haukuitaja kabisa nyumba inayosimama nyuma ya kila onyesho. Wazo hilo lilitetewa na Mielziner. Maonyesho yalikuwa mengi, yakiruka kutoka wakati uliopo hadi uliopita. Kubadilisha vifaa kila mara kungeukata mtiririko wa mawazo ya Willy Loman. Mielziner akajenga nyumba moja ya mifupa mitupu, akaziachia taa kazi ya mapazia. Majani yalipomulikwa juu ya nyumba, majengo yalififia, na mtazamaji akajikuta katika miaka ya nyuma. Vitanda vya wana wawili vilifichiwa lifti, ili waigizaji washuke bila kuonekana na kutokea upya wakiwa vijana. Maandishi yaliyochapishwa yakachukua umbo la jukwaa hilo.

Huenda ikadaiwa kwamba msanifu alitekeleza tu fikra za mwandishi. Dai hili halina mashiko. Wakati kuingiliana na wakati ni wazo la Miller, naam. Lakini nyumba isiyomwachilia Willy hata awapo mbali nayo ni tafsiri, na tafsiri ni kazi ya fikra. Tasnia ya filamu ililitambua hili: Mielziner na wenzake wawili walituzwa Oscar kwa usanifu wa Picnic (1955). Mhakiki wa fasihi hata jina lake halitaji.

Wala ushahidi haupatikani Marekani pekee. Kuipiga marufuku Ngaahika Ndeenda mwaka 1977 hakukutosha. Mwaka 1982 ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ, uliojengwa na wanakijiji wenyewe, ulibomolewa kwa amri ya serikali. Watawala walifahamu kwamba jukwaa lenyewe husema. Ni aibu kwamba wabomoaji walilisoma jukwaa kwa makini kuliko wahakiki.