MAMA NA SHERIA: Ahadi ya Mtoto Mbele ya Hakimu



Mwezi uliopita tulipotoka kwenye kikao chetu hapa Musoma, mama mmoja wa Bunda alinivuta kando. Binti wa jirani yake, mwenye miaka minane, alinajisiwa. Mshitakiwa alifungwa, lakini kwenye rufaa akaachiwa, eti mtoto hakuahidi kwanza kusema kweli. "Dada," akaniambia, "mtoto alisimulia yote mpaka akalia. Walitaka ahadi gani tena?"

Chanzo ni sentensi moja tu ya sheria.

Zamani, kabla mtoto asiyezidi miaka 14 hajatoa ushahidi, hakimu alipaswa kumhoji aone kama anaelewa maana ya kiapo na kama ana akili ya kutosha. Mahojiano hayo yakikosewa, kesi iliyumba. Mwaka 2016 Bunge likarekebisha kifungu cha 127(2) cha Sheria ya Ushahidi (nawapa namba ya wakati huo). Sasa mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza ni lazima aiahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo.

Wengi tulidhani mambo yamekuwa rahisi. Lakini sheria haikueleza ahadi hiyo inapatikanaje. Mtoto aulizwe nini? Na hakimu akisahau je? Maneno ya sheria ya jinai yakiwa na utata, kwa kawaida mshitakiwa ndiye hupewa nafuu, maana ni uhuru wake unaoweza kupotea. Hata hivyo majaji hutazama pia Bunge lilitaka kuponya ugonjwa gani.

Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 168 ya 2018 kutoka Bukoba, ilitoa mwongozo. Hakimu amwulize mtoto maswali mepesi: ana umri gani, ni wa dini gani na anaelewa kiapo ni nini, na je, anaahidi kusema kweli? Katika kesi hiyo ahadi haikuonekana kwenye kumbukumbu, na ushahidi wa mtoto ukaondolewa. Fikiria, mama: siyo kwamba mtoto alidanganya!

Ndipo ikaja rufaa namba 301 ya 2018, iliyoamuliwa mwaka 2022. Majaji walisoma pia kifungu kidogo cha 6, kinachohusu makosa ya kujamiiana. Chenyewe kinasema kitatumika bila kujali yaliyotangulia. Basi wakaona kwamba hata kama utaratibu wa ahadi haukufuatwa, mahakama ikiridhika kuwa mtoto amesema kweli tupu, inaweza kumtia mtu hatiani. Nilipoisoma hukumu ile nilishukuru. Ila sishauri mama yeyote aitegemee, kwani mlango wa ubishi haujafungwa kabisa. Ni afadhali ahadi itolewe na iandikwe.

Kwa hiyo ukiwa na mtoto shahidi, kesi iwe Bunda au Butiama, zungumza na mwendesha mashtaka mapema, kabla mtoto hajaitwa ndani. Mwulize wazi kama mtoto ataulizwa juu ya ahadi. Nyumbani mweleze mtoto maana ya kuahidi kwa mambo anayoyajua, kama kuahidi kurudi kutoka kisimani kabla ya giza. Lakini usimfundishe cha kusema juu ya tukio lenyewe! Maneno ya kukaririshwa hujulikana upesi, na hapo umemharibia mwanao.

Yule mama nilimwambia wasikae tu na uchungu. Upande wa mashtaka nao unaweza kukata rufaa kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, lakini taarifa ya kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu. Wao na mama wa mtoto wakawaone waendesha mashtaka wa serikali hapa Musoma, bila kungoja.

Alianza kuhesabu kwa vidole. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.