Kabla Hujang'oa Hilo Jino

Wasee wa Lwakhakha, tuachane na hii stori ya "ng'oa tu, yaishe." Mimi niling'olewa gego nikiwa na miaka 19 na hakuna aliyeniambia linaweza kuokolewa. Saa hii natafuna upande mmoja kama mbuzi mzee.

Eti kutibu mzizi ni mateso? Kinachokutesa ni neva iliyovimba. Daktari anakudunga ganzi, anatoboa jino, anatoa hiyo neva, anasafisha mifereji ya mizizi, anaziba. Gego mara nyingi lina mifereji mitatu au minne, so utakaa kwa kiti mpaka shingo ichoke, na unaweza rudi tena. Siku chache litauma ukitafuna. Baadaye linavikwa kifuniko kigumu lisipasuke.

Na wewe unayesema dawa za duka zimelituliza: uchungu ukiisha ghafla, mara nyingi neva imekufa, usaha unaendelea chini kwa chini. Antibayotiki haifiki ndani ya jino lililokufa.

Ni ghali kuliko kung'oa, sikatai, na lazima upande matatu hadi Bungoma ama Kitale. Lakini pesa ya simu mpya huwa tunapata. Kabla daktari ashike koleo, muulize: "Daktari, hili haliokoki?"