Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi: Mnunuzi wa gari akaulize wapi?

Kwako Afande Inspekta Jenerali wa Polisi,
Makao Makuu ya Jeshi la Polisi,
Dodoma.

YAH: WIZI WA LAND ROVER YA FAMILIA NA OMBI LA DAFTARI LA KUULIZIA MAGARI YALIYOIBWA

Afande,

Somo hapo juu lahusika.

Land Rover 109 ya marehemu baba yangu imeibwa usiku kutoka uani kwetu Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha. Taarifa nimeitoa kituoni, RB nimepewa, na mpelelezi amefika nyumbani akaandika maelezo ya mama yangu kwa upole ambao sitausahau. Siandiki kumlalamikia askari yeyote. Nakuandikia wewe, tena hadharani, kwa sababu ninachokiomba hakimo katika uwezo wa mkuu wa kituo wala wa kamanda wa mkoa.

Niruhusu kwanza nieleze ni gari gani. Kwenye jalada limeandikwa kwa maneno machache: Land Rover kuukuu, rangi ya maziwa, thamani ndogo. Mtu akisoma hivyo anaweza kudhani kilichoibwa ni chuma chakavu, akaliweka jalada chini ya mengine.

Baba alikuwa bwana mifugo. Miaka ya 1980, wakati wa kampeni za chanjo ya sotoka, Land Rover hiyo ndiyo iliyobeba masanduku ya barafu kutoka mjini hadi Longido, Ketumbeine, Gelai na Engaruka, kisha ikapanda kwenda Malambo na Loliondo. Chanjo yenyewe, matunda ya utafiti wa Walter Plowright pale Muguga nchini Kenya, ilikuwa nzuri sana ila haikuvumilia joto. Gari likikwama njiani, barafu inayeyuka, dawa inaharibika, na wafugaji waliokusanya ng'ombe tangu alfajiri wanarudi nao walivyokuja. Kwa hiyo gari halikuruhusiwa kukwama. Baba alilijua kila nati. Alilala chini yake, alilitengeneza gizani kwa taa ya chemli, na barafu ilifika.

Wazee wa Kimaasai bado wanasimulia walichosikia kwa babu zao juu ya sotoka ya miaka ya 1890, jinsi ilivyofagia mifugo na njaa ikafuata nyuma yake. Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba ugonjwa huo umetokomezwa duniani, wa pili katika historia ya binadamu baada ya ndui. Kazi hiyo ilifanywa na watu wengi ambao majina yao hayamo kwenye kitabu chochote. Baba yangu ni mmoja wao, na ushahidi wa kazi yake uliokuwa umebaki nyumbani kwetu ni gari lile.

Serikali ilipoliondoa kwenye matumizi na kulipiga mnada, alilinunua kwa akiba yake na mkopo juu. Likaanza maisha ya pili. Limebeba kabichi na viazi hadi soko la Kilombero, na ada zangu za shule zilitoka humo. Limebeba maharusi, limebeba majeneza. Masika yalipoharibu barabara za vijiji vya juu, kwenye miteremko ya Meru, wajawazito walishuka nalo hadi hospitali ya Selian, na wapo vijana wakubwa leo ambao mama zao huwaambia kwamba nusura wazaliwe ndani ya Land Rover ya bwana mifugo. Baba alipofariki, mama alikataa kuliuza. Aliliwasha kila Jumamosi ili injini isife.

Sasa nieleze usiku ule, kwa sababu ombi langu linatoka humo. Wezi walikata mnyororo wa geti. Injini hawakuiwasha, kwani mtaa mzima ungeisikia. Waliachia handibreki wakalisukuma kwenye mteremko. Land Rover ya umri ule hudondosha oili, na matone yake yalituonyesha njia asubuhi: kutoka getini, kupita shule, hadi karibu na barabara kuu iendayo Namanga. Hapo yakakatika. Pembeni mwa lami kulikuwa na alama za matairi ya lori, na nyasi zilizolazwa pale ambapo mbao za kupandishia ziliegemezwa. Vijana wa ulinzi shirikishi waliziona, mpelelezi akazipiga picha. Gari halikuendeshwa, lilipakiwa.

Bima yake ilikuwa ile ndogo, isiyolipa wizi. Hilo tumelikubali, fedha si jambo letu.

Hofu yangu inatokana na jinsi gari hili lilivyoundwa. Lilipooneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, na ikaendelea hivyo hata kwa toleo la Series III kama letu. Milango, madigadi, boneti na paa vyote vimefungwa kwa bolti. Ndiyo sifa iliyowafanya mafundi wetu walipende: ukiwa porini na spana chache unalifungua na kulifunga. Lakini spana hizohizo zimo mikononi mwa wezi. Kwenye gereji bubu giaboksi inakwenda kwa huyu, difu kwa yule, injini inafungwa kwenye mashine ya kusaga, na bodi inapandishwa kwenye mizani ya vyuma chakavu. Aluminiamu ikishayeyushwa inasubiwa sufuria, na hakuna binadamu awezaye kuitazama sufuria sokoni akajua ilikuwa mlango wa gari la nani.

Njia nyingine ni libaki zima, lipakwe rangi na kutafutiwa karatasi. Wanunuzi wapo. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover, magari yakaja kwa msafara, mengine makuukuu kuliko letu. Nililiendesha mle mwenyewe, mama akiwa ameketi kando yangu na kitenge chake kipya. Niliona watu wanavyoyapenda magari haya. Wengi wao ni waaminifu, na yeyote kati yao anaweza kuuziwa letu kesho bila kujua.

Afande, hapo ndipo nilipo na ombi.

Kibati cha namba hubanduliwa kwa bisibisi. Namba ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, pale springi ya mbele upande wa kulia inaposhikia, haiondoki bila kuacha kovu. Mnunuzi mwaminifu anaweza kuchuchumaa, akaimulika kwa tochi ya simu na kuisoma. Kisha akaulize wapi? Nimetafuta mahali pa wazi ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kuuliza kama gari fulani limeripotiwa kuibwa, sikupata. Nilichoambiwa ni niende kituoni. Mtu anayeuziwa gari Tunduma siku ya Jumapili, muuzaji akimharakisha, haendi kituoni. Hata angekwenda, kituo hicho kingejuaje kilichoandikwa kwenye daftari la kituo cha Arusha?

Na uwezo mnao. Leo mwenye simu yoyote yenye intaneti anaingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa Jeshi lako wa faini za barabarani, na papo hapo anaona kama gari linadaiwa shilingi 30,000 za kuzidisha mwendo. Aliyepoteza kitambulisho anajaza taarifa ya upotevu mtandaoni bila kupanga foleni. Mifumo hiyo ni yenu, mmeijenga, inafanya kazi na watu wameizoea. Nchi inayoweza kuniambia kwamba gari linadaiwa faini haishindwi kuniambia kwamba gari hilohilo liliibwa kwa mjane.

Ninachoomba ni daftari la kuulizia. Lisiwe orodha ya kusomwa na kila mtu, maana namba zikianikwa atatokea wa kuzigonga kwenye gari jingine. Liwe la kujibu tu: unaingiza namba ya chesesi au ya injini, linakwambia gari hili limeripotiwa kuibwa au halijaripotiwa, na kama limeripotiwa, linakutajia mkoa na namba ya RB ya kutaja unapotoa taarifa. Jina la mwenye gari lisiwemo, wala simu yake. Anayeingiza taarifa awe askari peke yake, baada ya kadi ya gari kulinganishwa na kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato ambayo ndiyo inayosajili magari. Gari likipatikana, lifutwe siku hiyohiyo.

Nimeambiwa na watu wenye nia njema kwamba jambo hili litawapa wezi habari. Mwizi anajua alichoiba. Anayekosa habari ni fundi anayeletewa injini isiyo na karatasi, ni mkulima anayetaka gari la kubebea mazao, ni mnunuzi wa vyuma chakavu anayefanya biashara yake kwa kibali na asiyetaka matatizo na mtu. Hao ndio wengi, na hao ndio soko. Soko likifungwa, lori la usiku halina pa kushushia.

Liko pia jambo la sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamwadhibu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Kila mtuhumiwa husema hakujua, na mara nyingine ni kweli. Daftari la kuulizia likiwepo, neno hilo litapimika: uliuliza, au hukuuliza? Asiye na hatia atakuwa na kinga ya kuonyesha, na mwendesha mashtaka atakuwa na swali la kumuuliza mwenye hatia.

Halafu kuna mizani za barabarani. Magari makubwa ya mizigo yanalazimika kusimama pale na kupimwa, usiku na mchana. Lori lililobeba gari jingine halifichiki. Ingewezekana askari aliye zamu aombe kadi ya gari lililopakiwa, aisome namba ya chesesi na kuiuliza. Ni kazi ya dakika chache. Mimi sijui lori lililobeba gari letu lilielekea kaskazini au kusini, lakini likielekea Namanga ni mwendo wa chini ya saa mbili, na likielekea Tunduma kuna barabara ndefu yenye mahali pengi pa kulisimamisha. Tanzania ni mwanachama wa umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, na ule wa Kusini mwa Afrika, SARPCCO. Pande zote mbili za nchi tuna wenzetu. Afisa aliye ng'ambo ya mpaka akiweza kuuliza kwa simu yake, hatalazimika kusubiri barua ipite ofisi kwa ofisi huku gari likizidi kwenda.

Kwa wewe msomaji, hasa fundi na mpenzi wa Land Rover popote ulipo, kutoka Unga Limited hadi Mbeya, kutoka Kajiado hadi Kitwe: gari letu ni 109 ya bodi ndefu, lina viti vya mbao za mninga huku nyuma alivyoviunda baba mwenyewe. Chini ya rangi ya maziwa kuna kijani. Mlango wa nyuma umechomelewa kwenye bawaba ya chini. Ukifungua kifuniko cha sanduku la vifaa chini ya kiti, upande wa ndani utakuta majina ya vijiji yamekwaruzwa kwa msumari, moja chini ya jingine, Gelai likiwa la kwanza. Ni vijiji alivyochanja. Rangi hubadilishwa, viti hung'olewa, lakini huenda hakuna aliyefikiria kugeuza kifuniko hicho. Ukikiona, hata kama gari limekwisha kugawanywa na kimebaki chenyewe, tafadhali kipeleke kituo cha polisi kilicho karibu nawe na utaje wizi wa Ngaramtoni. Kama umeshalinunua kwa nia njema, sina ugomvi nawe. Njoo tuzungumze mbele ya polisi, na familia yetu itajitahidi usitoke mikono mitupu.

Afande, mama yangu ana umri mkubwa na angependa kuliona gari la mumewe likirudi uani akiwa hai. Hilo nimeliomba kwa mpelelezi wetu, na nina imani naye. Kwako naomba tamko: je, daftari la kuulizia magari yaliyoibwa litafunguliwa kwa wananchi, na lini? Jibu lolote utakalotoa, lipitie kwenye vyombo vya habari, maana wenye majalada kama letu wako kila mkoa na wanalisubiri.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtoto wa bwana mifugo,
Ngaramtoni, Arusha.

Nakala: Kamishna Mkuu, Mamlaka ya Mapato Tanzania
Mtendaji Mkuu, Wakala wa Barabara Tanzania