Kabla hujamwita mwenzako mwizi

Leo tuweke programu kando, tuongee kuhusu podikasti.

Juzi nilikuta kipindi changu kizima kwenye chaneli ya mtu nisiyemjua. Jina langu kalitoa, kaweka lake. Hasira ilinipanda! Nikaanza kuandika malalamiko, lakini nilipokisikiliza tena, sekunde kumi za mwanzo zikanifunga mdomo: wimbo maarufu ambao sikuwahi kumwomba mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Wengi tunaamini kwamba sekunde chache hazina neno. Si kweli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haitaji sekunde zozote za bure. Inaruhusu kunukuu kwa haki, tuseme kwa kuhakiki kazi au kuripoti habari, ukitaja ulikoitoa. Kupamba mwanzo wa kipindi hakumo. Tena wimbo una haki mbili, ya mtunzi na ya rekodi, na kumtaja msanii si kupata kibali chake.

Ufanyeje basi? Mtafute kijana wa gitaa mtaani kwenu, mlipe, muandikiane. Au tafuta muziki wenye leseni ya Creative Commons, lakini soma herufi zake: BY inataka umtaje mwenye kazi, NC inakataza biashara. Ukipata mdhamini, hiyo NC itakuletea shida.

Sasa upande wako. Hakimiliki unayo tangu uliporekodi. Kujisajili kwa Bodi ya Hakimiliki si lazima, ila cheti husaidia ukibishaniwa. Hifadhi rekodi za awali ambazo hazijahaririwa. Andika jina lako ndani ya faili la MP3, kisha litamke kwenye kipindi chenyewe, maana maandishi hufutika kwa dakika moja. Usijisumbue kuifunga RSS: njia inayompa mwizi faili ndiyo inayomfikishia msikilizaji. Na tangu marekebisho ya 2019, sheria inakuruhusu kumpelekea mtoa huduma wa intaneti notisi ya kuondoa kazi iliyoibwa.

Mimi nilikesha siku mbili nikikata ule wimbo kwenye vipindi vyote vya zamani. Kazi ya kuchosha, na mwanzo mpya haunogi kama ule. Lakini malalamiko yangu niliyatuma bila kuona haya.

Safisha kwako kwanza, halafu bisha hodi kwa jirani.

Tuonane wiki ijayo.