Kumnunulia Mtoto Tromboni Iliyotumika

Hapa Temeke na Kinondoni nani asiyezijua tarumbeta za arusi? Nazo sharika nyingi za Kilutheri zina bendi zake. Ndiyo maana wazazi hutuuliza: Kijana wetu ataka kujifunza tromboni, nayo mpya ni ya bei kubwa; je, tununue iliyokwisha kutumika?

Nunueni, lakini msitazame mng'aro tu. Kwanza isimamisheni, mkauache mrija wa kuvuta ushuke, mkono ukiukinga chini. Ukishuka wenyewe pasipo kukwama, ni mwema. Kisha utengeni na mdomo mpana, zibeni tundu moja na kupuliza la pili. Pumzi isipenye popote. Mbonyeo katika mdomo mpana si neno kubwa, bali katika mrija ni hasara, maana nafasi zote saba za sauti zapatikana kwa mrija huo. Madoa mekundu ni dalili ya shaba iliyoliwa. Tena upimeni mkono wa mtoto, maana nafasi ya saba i mbali, na mkono mfupi haufiki.

Twamkumbuka kijana mmoja aliyetaka kuacha, akisema hana kipaji. Mwalimu wake akaitwaa tromboni ile aipige, naye akashindwa kupita nafasi ya nne: mrija ulikuwa umepinda. Rahisi huvunja upishi, na hapa ilikaribia kuvunja na moyo wa mtoto. Basi, kabla ya kutoa fedha, mwombeni mpigaji wa bendi afuatane nanyi, aipulize kwanza.